Tundu la AUX linameza sauti ya mwimbaji na kuacha ala: tatizo ni waya, redio au simu?

#1 Mwana wa Pangani
Wakuu, habari za jioni. Gari langu ni dogo la Kijapani la mwaka 2008. Nimelinunua hapa hapa Dar es Salaam kwa mtu aliyeliagiza na kulitumia, na bado lina redio yake ya asili yenye CD pamoja na tundu la AUX la milimita 3.5 chini ya vitufe vya kiyoyozi. Redio inapiga vizuri, CD inapiga vizuri, na spika zote nne ni nzima. Shida inaanza ninapochomeka simu kwenye AUX: nyimbo za Bongo Fleva zinatoa ngoma, kinanda na waitikiaji kwa mbali, lakini mwimbaji mwenyewe hasikiki. Nikiweka zilipendwa hazisikiki kabisa, na mawaidha niliyorekodi kwa simu hayasikiki vilevile. Kinachonichanganya zaidi ni kwamba nikichomeka chaja ya simu kwenye tundu la kuwashia sigara, mwimbaji anarudi papo hapo, ila anakuja na mlio mwembamba unaopanda kila ninapokanyaga mafuta. Tena nikipita kwenye tuta, redio inaacha AUX na kurudi FM yenyewe. Fundi wa kwanza amesema redio imekufa, ninunue ya skrini. Wa pili amesema simu ndiyo mbovu. Nani kati yao anasema kweli? Natanguliza shukrani.

#2 Kiroboto Mpole
Hongera, mkuu, wenzako wanalipia karaoke na wewe unayo bure barabarani. Taja aina ya gari ili watu wakusaidie.

#3 Mwana wa Pangani
Sitaji, kwa sababu aina ya gari ikishatajwa humu uzi hugeuka ubishi wa nani kanunua gari la maana, na swali linabaki bila jibu. Tundu lenyewe ni la kawaida.

#4 Fundi Waya Mwekundu
Mafundi wote wawili wamekurupuka. Plagi ya AUX ina njia tatu: ncha hubeba sauti ya kushoto, pete ya katikati hubeba ya kulia, na shina ndilo ethi, yaani njia ambayo sauti zote mbili hurudia. Ethi ikikatika, kushoto na kulia hulazimika kurudiana zenyewe kwa zenyewe, na kinachofika kwenye redio ni ile tofauti tu iliyopo kati yao. Studio humweka mwimbaji katikati, kwa kiwango kilekile pande zote mbili, kwa hiyo tofauti yake ni sifuri na anatoweka, huku ala zilizopangwa pembeni zikibaki. Zilipendwa nyingi zilirekodiwa kwa mono, kushoto na kulia ni sauti ileile moja, ndiyo maana zinakufa kabisa. Na mawaidha uliyorekodi kwa maikrofoni moja yana hali hiyohiyo. Ukichomeka chaja, simu inapata ethi nyingine kupitia waya wa USB hadi bodi ya gari, na mwimbaji anarudi. Ule mlio ni kelele za alteneta zinazopita katika njia hiyo ya mkato. Fungua dashibodi uangalie viungo vya risasi nyuma ya tundu, yaani pale miguu yake ilipolehemewa. Kwa gari la umri huo, ambalo plagi yake imevutwa kushoto na kulia miaka yote, sitashangaa ukikuta kimoja kimepasuka.

#5 Dada wa Makorora
Maelezo ya fundi kuhusu ethi nayakubali, ila kabla ya kubomoa dashibodi naomba mwenye uzi ahesabu mistari myeusi kwenye plagi ya waya wake. Mistari miwili maana yake ni njia tatu, na huo ndio waya wa AUX. Mistari mitatu maana yake ni njia nne, kwa sababu waya wa namna hiyo umetengenezwa kwa ajili ya vifaa vya masikioni vyenye maikrofoni. Katika simu nyingi za leo, ethi iko kwenye pete ya pili na shina ni la maikrofoni. Tundu la gari linalotegemea njia tatu huigusa plagi kwenye shina, kwa hiyo linashika maikrofoni likidhani limeshika ethi. Matokeo yake ni hayohayo: mwimbaji anatoweka. Mdogo wangu alihangaika na gari zima kumbe waya aliouziwa barabarani ulikuwa wa mistari mitatu pande zote mbili.

#6 Mwana wa Pangani
Ahsante, dada. Nina nyaya mbili. Ule ninaoutumia kila siku una mistari mitatu. Mwingine wa zamani una mistari miwili, na huo wakati mwingine unatoa sauti kamili na wakati mwingine hautoi, hasa nikiizungusha plagi kidogo ndani ya tundu. Kwa hiyo hata sijui nimlaumu nani.

#7 Kiroboto Mpole
Walaumu wote, halafu uimbe mwenyewe.

#8 Mpima Volti
Kuna kipimo kisichohitaji bisibisi. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, utafute chaguo la sauti ya mono na uliwashe, kisha upige wimbo wowote wa Bongo Fleva bila chaja. Mono hulinganisha kushoto na kulia. Ikiwa ethi imekatika, tofauti itakuwa sifuri kwa kila kitu, na hata zile ala zitanyamaza. Ikiwa mwimbaji atarudi, basi ethi ni nzima na tatizo liko kwingine.

#9 Mwana wa Pangani
Nimejaribu na nyaya zote mbili. Kwa ule wa mistari mitatu gari limenyamaza kabisa, nimesikia mvumo mdogo tu wa spika. Kwa ule wa mistari miwili limenyamaza, kisha nilipoisukuma plagi kuelekea juu, mwimbaji na ala wakarudi pamoja, nilipoiachia, kimya.

#10 Fundi Waya Mwekundu
Kesi imekwisha. Ni kiungo cha risasi.

#11 Mkaazi wa Kisasa
Fundi, usifunge jalada haraka hivyo. Kipimo cha mono kinaonyesha kuwa redio inapokea tofauti ya kushoto na kulia, lakini hakisemi tofauti hiyo inazaliwa wapi. Simu nyingi zina vionjo vya sauti, vile vya kupanua uwanja wa muziki, ambavyo navyo hucheza na tofauti hiyo na kumfifisha mwimbaji. Pia mwenye uzi hajasema kama simu yake ina tundu lake la milimita 3.5 au anatumia kigeuzi cha USB-C. Vigeuzi hivyo havifanani: vingine vina kichakata sauti ndani yake, vingine ni waya mtupu unaotegemea simu itoe sauti ya analogia, na vyote hulegea mapema kwenye shingo.

#12 Mpima Volti
Mkuu Mkaazi, kionjo cha sauti hakiwezi kuponywa kwa kuchomeka chaja, na bandiko la kwanza linasema chaja inamrudisha mwimbaji papo hapo. Hoja ya kigeuzi, hata hivyo, naona ina uzito.

#13 Mwana wa Pangani
Ni kweli natumia kigeuzi, chenye matundu mawili, moja la sauti na jingine la chaja. Leo nimeazima simu ya mke wangu yenye tundu lake, nikatumia waya wa mistari mitatu, na mwimbaji hayupo. Kabla sijaufikia ule wa mistari miwili, mke wangu amekuja kuulizia simu yake.

#14 Dada wa Makorora
Basi umejaribu simu nzima kwa waya ambao nimeshasema haufai. Rudia kwa waya wa mistari miwili, na umwombe shemeji akuvumilie dakika tano.

#15 Bin Kisauni
Salaam kutoka Mombasa. Mimi nilikuwa na mlio huohuo unaopanda na injini, nikanunua kile kijisanduku kidogo cha kutenganisha ethi kinachoungwa katikati ya waya, na mlio ukaisha siku hiyohiyo. Ndani yake mna transfoma mbili ndogo tu, moja kwa kila upande, na bei yake haiumizi. Ndugu yangu anunue hicho, awache habari za kuvunja dashibodi.

#16 Fundi Waya Mwekundu
Bwana Kisauni, kwako kilifaa kwa sababu ethi yako ilikuwa nzima na ulikuwa na njia mbili za ethi zilizofanya mzunguko. Kwa mwenye uzi, njia ya chaja ndiyo pekee inayomleta mwimbaji. Akiweka transfoma katikati, atakuwa ameikata njia hiyo, mlio utaisha kweli, na mwimbaji ataondoka nao. Kijisanduku kiwekwe baada ya tundu kutengenezwa, kama mlio utakuwa bado upo. Vile vya bei ya chini, tena, hupunguza besi.

#17 Bin Kisauni
Haya, ila mimi bado nasema ajaribu. Watu wa bara mnapenda sana kufungua vitu.

#18 Mtoto wa Luthuli
Niko Nairobi. Naona wote mmeruka dalili moja: redio kurudi FM kwenye tuta. Katika redio nyingi za asili, ndani ya tundu la AUX kuna kigusio cha ziada ambacho hakibebi sauti yoyote. Kazi yake ni kuiarifu redio kwamba plagi imeingia. Kigusio hicho kikiingia kutu au vumbi, redio huamini kuwa plagi imetoka na huondoka AUX yenyewe. Langu lilikuwa na tatizo hilo. Nilimulika tochi ya simu ndani ya tundu nikaona kitambaa cha vumbi kimeshindiliwa chini kabisa, kigumu, cha rangi ya kijivu, kwa sababu kila plagi iliyoingia ilikuwa ikikisukuma mbele badala ya kukitoa. Nilikitoa kwa kijiti cha meno, gari likiwa limezimwa, kisha nikapitisha pamba nyembamba kwenye kijiti ikiwa na spiriti safi, nikaacha kukauke. Plagi iliingia zaidi kuliko ilivyokuwa ikiingia awali, karibu milimita mbili. Plagi isiyofika mwisho hugusa mahali pasipo pake, na ethi ndiyo huanza kupotea. Kwa hiyo huenda hakuna kilichokatika, ni uchafu tu. Usitumie sindano wala waya wa chuma, utavipinda vigusio.

#19 Shabiki wa Mawimbi
Nauliza jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Gari likiwa la Japani, redio yake ya asili hushika FM ya huko, ambayo huishia megahezi 90, wakati vituo vyetu vinaenda hadi 108. Je, mmiliki wa kwanza alifunga kile kifaa cha kuongeza masafa? Kinakaa kati ya antena na redio na kinahitaji umeme na ethi, na wafungaji wengi hukata waya wowote wanaouona nyuma ya redio. Nimeshaona ethi ya redio imeviringishwa na kufungwa kwa gundi ya karatasi.

#20 Mpima Volti
Nyongeza kidogo: Japani iliongeza masafa ya FM hadi megahezi 95 kuanzia 2014, baada ya televisheni ya analogia kuondoka kwenye sehemu hiyo. Redio ya mwaka 2008 huishia 90, isipokuwa zile zilizokuwa zikishika sauti ya chaneli za televisheni 1 hadi 3, ambazo hufika karibu na 108 kwa kurukaruka. Kwa hiyo hoja yako inabaki palepale.

#21 Mwana wa Pangani
Kifaa hicho kipo. Nasikia vituo vyetu vyote, ila namba kwenye kioo haifanani na namba ya kituo. Sijui aliyekifunga ni nani.

#22 Shabiki wa Mawimbi
Ndiyo hapo. Anza na ethi ya redio nzima kabla ya kulisumbua tundu.

#23 Fundi Waya Mwekundu
Ethi ya redio nzima ikilegea, CD nayo ingelalamika. Someni bandiko la kwanza, jamani. CD inapiga vizuri.

#24 Shabiki wa Mawimbi
CD iko ndani ya redio, fundi, na sauti yake haitoki nje kurudi ndani. AUX inatoka kwenye kifaa kingine chenye ethi yake. Hizo ni habari mbili.

#25 Kiroboto Mpole
Nunua kipokezi cha Bluetooth cha kuchomeka kwenye AUX, uachane na nyaya zote, maisha yaendelee.

#26 Mpima Volti
Kipokezi hicho nacho huingia kwenye tundu lilelile bovu. Kikiwa cha betri, mwimbaji hatasikika. Kikiwa cha kuchomeka kwenye tundu la sigara, atasikika pamoja na mlio. Atakuwa amelipa pesa kurudi alipokuwa.

#27 Mama Chapa Kazi
Naingilia kwa tahadhari moja tu. Kabla ya kuvuta redio, mtaambiwa mchomoe betri, na ni ushauri mzuri kwa usalama. Lakini baadhi ya redio za Toyota zenye ramani zikikosa umeme hujifunga, na zikiwashwa tena huonyesha namba ndefu na kudai msimbo wa kufungulia, ule ambao watu huuita ERC. Mimi nilikaa bila redio mpaka nikampata wa kuifungua. Ya mwenye uzi ni ya CD bila ramani, kwa hiyo huenda haimhusu, ila wengine wanaosoma hapa wajue hilo kabla ya kugusa betri.

#28 Mkaazi wa Kisasa
Kuna sababu gani ya kuchomoa betri kwa ajili ya tundu tu? Paneli ya chini inatoka kwa klipu, tundu liko mkononi.

#29 Fundi Waya Mwekundu
Inategemea gari. Kwenye mengine paneli ya chini haitoki mpaka ya redio itoke, na ya redio imeshikwa na boliti za spana namba 10 pembeni. Funguo itoke kwenye swichi, na nyaya za njano karibu na usukani zisiguswe, kwa kuwa ni za mifuko ya hewa.

#30 Mwana wa Pangani
Wakuu, nimerejea na majibu. Nilisafisha tundu kama alivyosema ndugu wa Luthuli. Kilitoka kipande kidogo cha uzi na vumbi, na plagi sasa inaingia kwa mlio wa "tik" ambao haukuwapo. Mwimbaji hakurudi. Kisha nimelipeleka gari kwa fundi mwingine Ilala, tumetoa paneli. Amechomeka waya wa mistari miwili kwenye tundu na kupima kwa mita kutoka kwenye shina la upande wa pili hadi kwenye bodi ya redio, yaani kasha lake la chuma: ukinzani karibu sifuri, maana yake njia ni nzima, plagi ikitulia, na njia inakatika kabisa plagi ikishuka kwa uzito wake. Kwa miwani ya kukuzia amenionyesha mguu mmoja wa tundu wenye duara jembamba jeusi kuuzunguka, ndani ya risasi. Ameuyeyusha upya na kuongeza risasi kidogo. Sasa waya wa mistari miwili unatoa mwimbaji bila chaja. Waya wa mistari mitatu bado unammeza. Na kwenye tuta redio bado inarudi FM, ingawa si kila tuta.

#31 Fundi Waya Mwekundu
Nilisema kiungo cha risasi.

#32 Dada wa Makorora
Na mimi nilisema waya.

#33 Mtoto wa Luthuli
Na tuta bado linamrudisha FM, kwa hiyo kigusio hakijapona.

#34 Mkaazi wa Kisasa
Nawapongeza wote, lakini kipimo cha mita kilipita kwenye waya, kwenye vigusio vya ndani na kwenye kiungo cha risasi kwa pamoja. Kukatika kwa njia plagi ikishuka kunaweza kuwa ni kigusio cha ndani kilichopoteza mkunjo wake, na pasi ya moto ilipogusa mguu ikakisogeza kidogo. Duara jeusi linaonekana kwenye viungo vingi vya zamani ambavyo bado vinafanya kazi. Angepima kutoka kwenye mguu wa tundu hadi kwenye njia ya bodi ya saketi kabla ya kuyeyusha, tungejua. Isitoshe, baadhi ya redio hutenganisha ethi ya AUX na bodi ya gari makusudi, kwa hiyo kwa mwingine atakayefuata uzi huu, kupima hadi kwenye bodi kunaweza kumpa jibu la uongo.

#35 Shabiki wa Mawimbi
Je, waliangalia nyaya za kifaa cha masafa walipokuwa wamefungua?

#36 Mwana wa Pangani
Hatukuangalia, paneli ya redio haikutoka. Na nikichomeka chaja, ule mlio bado upo, ila umepungua.

#37 Bin Kisauni
Sasa ule wakati wa kijisanduku umefika, fundi mwenyewe alisema.

#38 Fundi Waya Mwekundu
Umefika, lakini ajaribu kwanza chaja nyingine. Chaja hushusha volti 12 hadi 5 kwa kukata na kuwasha umeme kwa kasi, na za ovyo humwaga kelele kwenye ethi. Mlio ukibadilika rangi kwa chaja nyingine, pesa ya kijisanduku aiweke kwenye chaja nzuri.

#39 Shabiki wa Mawimbi
Au kwenye kukaza ethi ya kile kifaa.

#40 Mwana wa Pangani
Nimefikiri kubadilisha tundu zima pamoja na kipande chake cha bodi ya saketi, kwa sababu ya lile jambo la tuta. Nani anajua linapatikana wapi?

#41 Mama Chapa Kazi
Kwa wauza spea zilizotumika pale Ilala, Shauri Moyo, vinapatikana vikiwa vimeng'olewa na paneli yake. Nenda na lako mkononi, kwa sababu tundu la mbele hufanana kwa magari mengi lakini plagi ya nyuma hutofautiana idadi ya pini, na muuzaji atakuapia kuwa linaingia.

#42 Mtoto wa Luthuli
Na uende na waya wako wa mistari miwili pamoja na mita. Kabla ya kulipa, chomeka, izungushe plagi polepole duara zima huku mita ikiwa kwenye shina na mguu wa ethi. Namba ikirukaruka, mrudishie. Kile kigusio cha ziada kipime pia: lazima kibadilike hali plagi inapoingia na inapotoka, kila mara, bila kusitasita.

#43 Kiroboto Mpole
Likipatikana, lile la zamani niuzie mimi. Nina harusi Jumamosi na mwimbaji tuliyemkodi hajui wimbo hata mmoja.